Rangi ya bei poa, kuna mtu anailipia

Wadau, leo naomba siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee rangi za magari. Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japani miaka kumi na ushee kabla hayajashuka bandarini Dar. Baada ya muda boneti na paa vinapauka, kisha vinaanza kutoka magamba. Ukilalamika kijiweni, jibu ni moja: "Si ulipige rangi tu!" Hilo neno "tu" ndilo lililonifanya niandike.

Mfano ninaoujua vizuri uko Ibighi, pale Tukuyu, nyumbani kwa baba mdogo. Ni mwalimu mstaafu na ana gari dogo la mwaka 1998, rangi ya bluu. Mtaani pale gari hilo ni kama la wote. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku na mvua inanyesha, mlango unaogongwa ni wa baba mdogo. Nilipokwenda likizo nilikuta boneti imebaki na mabaka meupe, na kwenye ukingo wa paa rangi imevimba. Binamu yangu alikuwa na shauri lake: lipulizwe juu kwa juu, ling'ae, liuzwe Mbeya mjini kabla halijaoza. Baba mdogo akamuuliza, "Na atakayelinunua, yeye si mtoto wa mtu?"

Sasa tuelewane kwanza rangi ya gari ni kitu gani. Magari mengi ya kisasa yana tabaka nne. Juu ya bati kuna praima ya kuzuia kutu, kisha undakoti, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile inayong'aa. Zote nne kwa pamoja zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi moja ya daftari. Adui wa klia ni jua. Mionzi yake inaivunjavunja taratibu mpaka inapasuka na kubanduka. Na msidhani baridi ya Tukuyu inasaidia. Mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mionzi hiyo huongezeka kwa kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

Klia ikishaondoka, zamu ni ya maji. Na maji Tukuyu hayatafutwi, mvua ya mwaka inapita milimita 2,000. Maji yakifika kwenye bati, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Ndiyo maana rangi inavimba. Ukiona kivimbe, ujue ugonjwa uko chini yake.

Kwa hiyo kulikuwa na magonjwa mawili. Boneti ilikuwa imepoteza klia tu, bati lake zima. Pale unapiga msasa mpaka magamba yote yaishe na kingo zisisikike ukipitisha kidole, unasafisha mafuta na vumbi, unapuliza rangi, kisha klia. Ukingo wa paa ulikuwa na kutu. Huko lazima ufike kwenye bati linalong'aa, upige praima ya kutu, puti kidogo kama kuna shimo, undakoti, msasa wa maji, ndipo rangi. Ukipuliza juu ya kutu, litapendeza miezi michache, halafu litavimba upya likiwa mikononi mwa mtu mwingine. (Wanaonunua magari ya mkononi, tembeeni na kasumaku kadogo kaliofungwa kitambaa. Kisiponata kwenye bati, chini yake kuna puti nene.)

Hali ya hewa nayo ina neno. Rangi ikipulizwa kwenye unyevu inaweza kufanya ukungu mweupe, na ile ya kuchanganya na hadena inachelewa kukauka kwenye baridi. Kwa Tukuyu maana yake usubiri kiangazi, kuanzia Juni hivi, tena ufanye kazi jua likishapanda.

Tukampata fundi, kijana wa rika langu, mikono yake ina akili. Namba ya rangi akaisoma kwenye kibati cha gari, hakukisia kwa macho. Nikamuuliza anapuliza akiwa amevaa nini. Akanionyesha kipande cha khanga. "Nimezoea, kaka. Jioni kifua kinabana, nakunywa maziwa."

Hapo ndipo mwandishi ndani yangu alipoamka. Hadena ya rangi hizi ina kemikali zinazoitwa isosayaneti. Zinajulikana dunia nzima kwa kuwapa wapuliza rangi pumu, na mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana kinaweza kukubana pumzi. Khanga haizuii kitu, na maziwa hayaendi kwenye mapafu. Kinachofaa zaidi ni kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa bomba. Kile chenye vichujio kiko chini yake, lakini kiko mbali sana na khanga.

Baba mdogo alisikiliza, akakata shauri kiualimu. Gari halipulizwi lote. Paa litatengenezwa ukingo wenye kutu na boneti itapulizwa, basi. Pesa iliyobaki inunue kifuniko chenye vichujio, kiwe cha fundi, na kazi ifanyike nje mahali pa wazi, watoto wakiwa mbali. Binamu akanung'unika kwamba milango itaonekana imepauka karibu na boneti mpya. Ni kweli, inaonekana. Bluu mbili tofauti kabisa!

Wadau, mimi naona hivi. Kupuliza juu kwa juu hakuondoi gharama, kunamsukumia mtu mwingine. Mnunuzi atalipa kwa kutu, au fundi atalipa kwa kifua chake. Tukienda gereji tunabishana bei mpaka shilingi ya mwisho, lakini ni nani kati yetu ameshawahi kumuuliza fundi anavuta hewa gani? Safari ijayo uliza, na kama hana kifuniko, bei yake iingie kwenye mapatano kama vile thina na msasa.

Mnasemaje? Mafundi mliomo humu, nirekebisheni.