Ahadi Niliyompa Kaka

Mwaka 1999, nilipokuwa masomoni Ulaya, kaka yangu aliugua ini huko nyumbani Tanga. Kila nilipopiga simu mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huko kwa wataalamu hakuna dawa?"

Swali hilo lilinichoma, maana kazi yangu ilikuwa hiyohiyo ya kuzuia seli zisife. Msomaji asistaajabu kusikia kwamba seli hujiua. Mtoto akiwa tumboni, vidole vyake huwa vimeungana kwa utando. Seli za utando huo hujimaliza zenyewe kwa utaratibu, na vidole vikaachana. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliuita utaratibu huo apoptosisi, neno la Kigiriki la kupukutika kwa majani. Watekelezaji wake ni vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo huzikata protini za seli kama mkasi, tena palepale penye asidi aspatiki.

Basi sisi tulivitegea chambo. z-VAD-fmk ni peptidi ndogo mno, yenye asidi amino tatu tu: valini, alanini na aspatiki. Kaspesi huidhani ni protini ya kukatwa, huing'ata, ikanasa isibanduke tena. Nilikuwa nimesoma taarifa ya mwaka 1996 kwamba panya waliodungwa kingamwili ya kuangamiza maini yao waliokolewa na peptidi hiyo. Nikamwambia kaka kwenye simu, "Vumilia, dawa iko njiani."

Siku chache baadaye nilitia peptidi hiyo kwenye seli za panya za aina ya L929, kisha nikaongeza TNF, protini iwezayo kuiamuru seli ife. Nilikuta zimekufa, tena upesi kuliko zile zisizopewa peptidi. Nikadhani nimekosea vipimo. Mwalimu wangu akanionyesha kuwa watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walikwisha kulichapisha jambo hilo mwaka 1998. Seli iliyozuiwa kufa kwa utaratibu ilikuwa imevimba, ikapasuka na kumwaga vilivyomo. Mwaka 2005 kifo cha namna hiyo kilipewa jina la nekroptosisi.

Sikupiga simu kumweleza kaka. Niliona haya.

Alifariki baada ya miezi miwili. Niliporudi kuhani, mama alinieleza kwamba wazee walimsihi agawe shamba na kuwaita watoto awausie, naye akakataa. Alisema mdogo wake analeta dawa, ya nini haraka? Shamba lile limewagombanisha wanawe hadi leo.

Peptidi haikunidanganya. Kazi yake ilikuwa kuuzuia mkasi, na iliuzuia. Mimi ndiye niliyeita kuzuia mkasi kuwa ni kuponya mtu. Siku hizi mgonjwa akiniuliza habari za utafiti, humweleza kilichoonekana kwenye seli, kilichoonekana kwa panya, kisha hunyamaza.