Dagaa wa Kwetu Ziwani Kariba

Toka Lusaka, basi dogo lilivuka Mto Kafue, kisha barabara ikaanza kuteremka milima kwa kona kali, nasi nyuma ya malori yaliyosheheni shaba. Kila tulivyoshuka joto lilizidi. Ilikuwa Oktoba 2024, na abiria wenzangu walikwisha kunionya: bonde la Zambezi mwezi huo ni tanuri. Kabla ya Chirundu tukakata kulia, tukaingia kwenye vilima vya mibuyu mitupu isiyo na jani.

Mimi ni mtoto wa Kigoma, nimekulia mwaloni. Nilijiona najua ziwa ni nini. Siavonga, mji wa kando ya Ziwa Kariba nilikokuwa nakwenda, ilinikosoa mara moja. Kwetu ziwa lina ufuko, unakanyaga mchanga kwanza ndipo maji. Hapa vilima vinatumbukia majini moja kwa moja, na kandokando imesimama miti mikavu isiyo na gome, kama nguzo za nyumba iliyoezuliwa. Ndiyo iliyokuwa misitu ya bonde. Desemba 1958 ukuta wa bwawa la Kariba ulipofungwa, maji yalianza kupanda, na Watonga wapatao 57,000 wa kingo zote mbili walihamishwa, wakaacha mashamba ya mtoni na makaburi ya wazee wao. Niliitazama ile miti kwa muda mrefu.

Mji wenyewe uliotokana na ujenzi huo umetawanyika vilimani. Nilitembea karibu saa nzima nikitafuta katikati yake, nikakutana na mbuzi wengi kuliko watu. Kila niliyempita alisimama kunijulia hali: "Muli bwanji?" Siku ya pili nilikuwa najibu "bwino" kabla sijaulizwa.

Siku hiyohiyo nilikwenda ukutani. Una kimo cha mita 128, umepinda kama upinde, na katikati yake ndipo Zambia inapoishia na Zimbabwe kuanza. Upande mmoja ziwa, upande wa pili korongo linalokutia kizunguzungu. Kijana wa nyumba ya wageni aliyenisindikiza alinisimulia habari za Nyami Nyami, roho wa mto mwenye kichwa cha samaki na mwili wa nyoka. Wazee wanasema ndiye aliyeleta mafuriko ya 1957 na 1958 yaliyowatesa wajenzi. Alisimulia kwa sauti ya chini, nami sikucheka.

Usiku umeme ulikatika. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya ziwa hata mitambo ikapungukiwa nguvu. Nikatoka kibarazani kutafuta upepo, nikashtuka: ziwani kumewaka taa, moja, kumi, mstari mzima! Moyo ulinidunda. Zilikuwa taa za wavuvi wa dagaa, vilevile kama nizionavyo kutoka nyumbani kwa mama.

Asubuhi niliteremka gatini. Vyelezo vya chuma vilikuwa vinarudi, kila kimoja na wavu wa duara unaning'inia. Mama mmoja alikuwa anaanika dagaa juu ya chanja, akiwatandaza kwa kiganja, taratibu, mkono ukienda na kurudi kama anayepapasa mgongo wa mtoto. Hapa wanaitwa kapenta. Ni wadogo kuliko wa kwetu, lakini harufu ni ileile. Kwa msaada wa yule kijana nilimweleza kwamba samaki hawa asili yao ni ziwa letu la Tanganyika, walipandikizwa hapa 1967 na 1968 kwa sababu samaki wa mtoni hawakuyazoea maji ya kilindi.

Alinitazama. "Kumbe ni wageni kama wewe?" Akauliza kama kwetu nao hupumzika mbalamwezi ikiwaka. Nikamwambia ndiyo, taa hazifui dafu mbele ya mwezi. Akanikalisha, tukala nshima, ambayo ni ugali hasa, kwa kapenta waliokaangwa na nyanya.

Nilipoaga alifunga dagaa wakavu kwenye gazeti, fungu kubwa. "Mwana wanga, mpelekee mama yako aonje."

Kigoma kuna dagaa wa kulisha nchi nzima. Nilipokea kwa mikono miwili, nikawaweka juu kabisa ya nguo ili wasivunjike.