Kwa mwanangu mfasiri, juu ya mikono yako

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Baba yako kanieleza mimi shangazi yako kuwa mikono inakusumbua: usiku unaamka vidole vimekufa ganzi, unavikung'uta ndipo vizinduke, na asubuhi kazi ya kutafsiri inakungoja palepale. Anasema umeanza kuulizia kibodi mpya Kariakoo. Naomba unisikilize kabla hujatoa hela, kwa sababu hili ni jambo nililoishi nalo tangu nikiwa mwanafunzi wa uhazili hapa Tabora mpaka nilipostaafu.

Dukani watakuuliza una shilingi ngapi. Mimi nakuuliza inauma wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuchagulia kibodi.

Ganzi ikishika gumba, kidole cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete, huku kile cha mwisho kikiwa salama, mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono ndio unaobanwa. Mshipa huo unapita kwenye upenyo mwembamba pamoja na kano 9 za kukunjia vidole, na upenyo wenyewe hautanuki. Ukikunja kifundo, mgandamizo ndani yake unapanda. Wengi wetu hulala tumekunja vifundo bila kujua, ndiyo maana ganzi huja usiku. Lakini ikiwa ni kidole cha mwisho ndicho kinachokufa ganzi, tazama kiwiko chako kwanza, uone kama hukiegemezi kwenye ukingo wa meza kutwa nzima. Na maumivu yakiwa chini ya gumba, huenda kibodi haina hatia hata kidogo. Simu uliyoishika mkono mmoja huku gumba likiandika, au kumbeba mtoto kwa muda mrefu, huziumiza kano za pale. Mikono yote miwili ikiamka imekakamaa na isilegee hata baada ya saa nzima, hayo ni mambo ya viungo, na kibodi haitayatibu.

Hospitali uende, mwanangu. Kisukari, tezi ya shingo na ujauzito vyote vinaweza kuleta ganzi hiyo ya vidole, na ukiona nyama ya chini ya gumba inaanza kupungua usingoje hata wiki.

Sasa tuje kwenye meza yako. Geuza kibodi uliyonayo uikunje ile miguu miwili ya nyuma. Miguu hiyo huinua safu za juu, na mkono unalazimika kukunjika kwenda juu ili uzifikie, nawe umeshaona kukunjika huko kunafanya nini ndani ya kifundo. Kibodi iwe bapa, na iwe usawa wa viwiko au chini yake kidogo. Meza ikiwa ndefu mno, pandisha kiti na uweke kitu cha kukanyagia. Kama unatumia kompyuta mpakato, iinue juu ya vitabu mpaka kioo kifike usawa wa macho, kisha uchomeke kibodi ya pembeni. Hayo yafanye leo, hayana gharama.

Ukifika kwenye kununua, anza na upana. Kibodi nyingi za ofisini zina fungu la tarakimu upande wa kulia, linalowafaa wahasibu. Wewe ni mfasiri. Fungu hilo linakisukuma kipanya mbali, na mkono wa kulia unakifuata nje ya bega mara mia kwa siku. Tafuta isiyokuwa nalo.

Kisha uzito wa vitufe. Kibodi za bei nafuu zina vikombe vya mpira chini ya kila kitufe, na herufi haitoki mpaka kikombe kibonyee, hivyo kidole hujizoesha kugonga mpaka chini. Zile za kimakanika, zenye swichi na springi kwa kila kitufe, hupokea herufi katikati ya safari. Swichi nyekundu za Cherry, kampuni ya Kijerumani, kwa mfano, husafiri milimita 4 lakini herufi hutoka kwenye milimita 2, kwa nguvu ya kama gramu 45. Nyeusi za kampuni hiyohiyo zinataka kama gramu 60. Tofauti hiyo ni ndogo kwa herufi moja, na ni kubwa kwa kurasa ishirini za mkataba. Lakini kitufe chepesi kitakusaidia pale tu utakapoacha kukigonga mpaka chini, na hilo ni la kujifunza kwa makusudi.

Zipo pia zilizogawanyika katikati. Unajua kwa nini safu za herufi zimepishana? Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, alitengeneza mashine ambayo kila kitufe kilikuwa na mtaimbo wake chini, na mitaimbo haikuweza kupita pamoja bila safu kupishana. Remington waliiuza kuanzia mwaka 1874. Mitaimbo imekwisha, mpishano umebaki, na mikono yetu inaendelea kujipinda kwa nje kuufuata. Lillian Malt na Stephen Hobday wa Uingereza waliliona hilo katika miaka ya 1970, wakabuni kibodi ya Maltron: kila mkono una fungu lake lenye bonde la kupokea vidole, na gumba limepewa kazi nyingi zaidi ya kitufe kimoja cha nafasi. Kinesis wa Marekani hutengeneza za aina hiyo. Microsoft nao walitoa yao iliyopasuliwa mwaka 1994. Ukipata hata ya mtumba iliyopasuliwa, na kila kitufe kinafanya kazi, naipendelea kuliko mpya yenye taa za rangi.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, na huniumiza moyo kuona hakuna anayelisema. Herufi tunayoitumia kuliko zote ni a, na kwenye kibodi hii ya kawaida imekabidhiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Andika neno moja tu, wanafanana, utakuwa umekiita mara 5. Kidole hichohicho ndicho kinachoshika Shift, Tab na Ctrl. Kama maumivu yako yako huko, kuna programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys inayoweza kuhamisha vitufe. Mimi ningebadilisha nafasi za a na d, ili a ikae chini ya kidole cha kati. Itakuchelewesha mwanzoni, kwa hiyo usijaribu wakati una kazi ya haraka mezani. Shift nayo unaweza kuipunguzia mzigo: kwenye Windows ibonyeze mara 5 mfululizo, kompyuta itakuuliza kama unataka vitufe vya namna hiyo vijishikilie vyenyewe. Ukikubali, unabonyeza Shift, unaiachia, kisha unaandika herufi kubwa yako bila kujinyoosha.

Njia nyingine ya kuvipumzisha vidole ni kuitamka rasimu ya kwanza kwa sauti, simu iiandike. Google walianza kupokea sauti ya Kiswahili mwaka 2017, na kwa rasimu inatosha. Vidole uviachie kusahihisha.

Sisi wa mashine za kuchapa tulikuwa na vitufe vizito kuliko vyenu, hasa ukiwa na nakala za kaboni. Lakini kila mwisho wa mstari mkono ulitoka kwenye herufi kurudisha gari la mashine, kila mwisho wa ukurasa tulibadilisha karatasi, na mwalimu hakuruhusu kifundo kilale popote tunapochapa. Kompyuta imeyaondoa mapumziko hayo yote, hivyo uyarudishe mwenyewe: kila aya ikiisha, shusha mikono mapajani. Kama una mto wa kuwekea vifundo, huo ni wa wakati wa kusoma. Ukiandika huku umeulalia, unaugandamiza mshipa uleule unaotaka kuuponya.

Utakapokwenda dukani, nenda na ukurasa wako wa kazi, uchape pale kaunta kwa dakika kadhaa mfululizo, siyo kugusagusa. Muulize muuzaji kama atakubali uirudishe baada ya wiki, na akuandikie kwenye risiti. Nusu ya bei nitachangia mimi, nitaituma kwenye simu yako. Usimwambie baba yako, atataka kulipa yote. Ila nataka kwanza unieleze daktari amesema nini, na ni vidole vipi hasa.

Akupendaye,
Shangazi