Nilivyojifunza Kuelea

Mimi ni mtu wa bara, na bahari nilikuwa naiogopa. Kazi iliponipeleka kisiwa cha Mafia, nikaanza kujifunza kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni.

Kupumua chini ya maji si shida. Shida ni kutulia katikati: usizame, usiibuke. Mpiga mbizi hufunga kiunoni vipande vya risasi vya kumshusha, na huvaa koti linalojazwa hewa ya mtungi ili limwinue.

Siku ya kwanza nilizama kama jiwe, nikatibua mchanga wote. Kwa hofu nikajaza hewa kotini, mara nikaanza kupaa. Kumbe hewa hutanuka kadiri unavyopanda. Ile ya kina cha meta 10 ikifika juu huwa maradufu. Nami nilikuwa nimezuia pumzi! Mwalimu, mzee wa hapo kisiwani, akanishika mguu, akaniashiria nitoe pumzi. Angechelewa, mapafu yangu yangeweza kupasuka.

Tulipotoka akaniambia, "Mwanangu, usishindane na koti. Tia hewa kidogo, ungoje. Kisha pumua polepole: ukivuta utapanda kidogo, ukitoa utashuka."

Siku ya tano nilielea juu ya matumbawe, ambayo hukua taratibu sana, wala sikuvunja hata tawi moja.

Siku hizi watoto wakiniudhi nyumbani, namkumbuka mzee yule. Nashusha pumzi, nasali Baba Yetu moja kimoyomoyo, ndipo nasema.