Mtoto aliyemkatiza mama yake

Jumamosi jioni, mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, alikuwa akimenya viazi simu ilipoita. Sauti ya upole ikamtaja majina yake mawili, ikasema inatoka huduma kwa wateja: laini yake ingefungwa usiku huo asipothibitisha namba ya siri. Kwenye simu hiyo kulikuwa na ada ya mtoto, shilingi 180,000.

Alikuwa ameshataja tarakimu mbili mwanawe wa darasa la sita alipomvuta kanga. "Mama, kata!" Akamkata jicho, nyumbani kwao mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa. Mtoto akarudia, safari hii akilia. Mama akakata simu.

Wakapiga wenyewe 100. Walisubiri mpaka viazi vikaanza kubadilika rangi, ndipo mhudumu akawaambia kwamba wao hawamuombi mteja namba ya siri. Na majina je? Yeyote anayeanza kukutumia pesa huyaona kabla hajathibitisha muamala. Namba ya siri ikabadilishwa hapo hapo, na namba ya tapeli wakaituma 15040.

Pesa ilibaki. Aibu nayo ilibaki, hasa ya lile jicho. Usiku, akipakua chakula, alimwongezea mwanawe kipande cha samaki.

"Adabu ni adabu, baba," alisema. "Lakini ukisikia mama anaulizwa namba ya siri, mkatize."