Mama anaposahau: moto uliomo ubongoni

Mama yetu mzazi sasa ni wa kukumbushwa rakaa. Akishatoa salamu hutuuliza ameswali ngapi. Sura fupi alizohifadhi utotoni anazisoma bila kukwama, lakini mgeni aliyemtembelea asubuhi hamkumbuki jioni. Wapo waliotuambia amerogwa, na wapo waliosema ni uzee tu. Daktari alitueleza kuwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao si sehemu ya kawaida ya uzee.

Maradhi haya yalielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki, alikuta takataka zilizojikusanya nje ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani yake.

Ubongo una walinzi, seli ziitwazo maikroglia, wenye kazi ya kuondoa takataka na kupambana na vijidudu. Takataka hizo za protini zinaporundikana, walinzi huwaka kwa hamaki wasipoe. Hali hiyo wataalamu huiita mchochota, na usipokoma huwadhuru hata wale waliokuwa wakilindwa.

Zamani iliaminika kuwa mtu mzima hapati seli mpya za neva. Mwaka 1998 watafiti wa Sweden na Marekani walionyesha kuwa huzaliwa katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya. Mwaka 2018 wengine walilipinga hilo. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania wakaeleza kuwa walizikuta hata kwa wazee waliopita miaka 80, ila kwa wenye Alzheimer zilikuwa zimepungua sana. Aidha, katika panya wa maabara imeonekana kuwa mchochota huzuia seli hizo kuzaliwa.

Ndugu yetu mmoja, aliposikia habari za mchochota, alitaka mama apewe kila siku vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe. Tulimzuia. Dawa za namna hiyo zimekwisha kujaribiwa kwa wazee, wala hazikuwakinga na maradhi haya. Nazo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo, figo na moyo.

Tumeshika yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mama tunatembea naye kila alasiri, na dawa zake anazipata kwa wakati. Sisi wenyewe tunapima shinikizo la damu na sukari, maana hayo, pamoja na sigara na masikio yasiyotibiwa, huongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Seli zilizokufa hatuna njia ya kumrudishia. Haki yake kwetu, hata hivyo, haikupungua hata chembe, na wazazi huhitaji wema wetu zaidi wanapofikia umri huu. Akiuliza mara ya kumi, tunamjibu kwa sauti ile ile tuliyomjibia mara ya kwanza. Mwenyezi Mungu atujaalie subira, sisi na kila nyumba yenye mgonjwa kama huyu. Amin.