Njia ya Sani: Gari Linapokwama Kwenye Theluji

Mwezi huu tunawapeleka safari ya mbali, kwa ramani na vitabu tu, maana safari hiyo haina haja ya kibali! Katika somo la jiografia mwanafunzi mmoja alituuliza: "Mwalimu, theluji si ni laini? Sasa gari linakwamaje?" Tulimjibu darasani, lakini tukaona jibu linafaa familia zote, hasa zile zenye ndugu katika nchi za baridi au zinazongojea kwenda huko.

Twende Lesotho. Ni nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, na hakuna sehemu yake iliyo chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Linganisheni na Ziwa Tanganyika, ambalo liko kwenye mita 770 hivi. Kutoka upande wa mashariki, njia maarufu ya kupanda huko inaitwa Sani. Zamani ilipitwa na punda na nyumbu waliobeba sufu kushuka na bidhaa kupanda. Gari la kwanza, aina ya jeep, lilipita mwaka 1948. Kati ya kituo cha mpaka cha Afrika Kusini na kile cha Lesotho ni kama kilomita 8 tu, lakini ni kona juu ya kona, mawe matupu, na kule juu unafika mita 2,876. Gari dogo la kawaida haliruhusiwi kupanda. Linatakiwa lile ambalo injini inavuta magurudumu yote manne.

Huko kipupwe ni Juni hadi Agosti, na theluji huanguka. Ndipo hata gari lenye nguvu linakwama. Kwa nini? Tope la masika sisi tunalijua: tairi inazunguka, inachimba, gari linakaa kwa tumbo. Theluji inafanya hivyohivyo na kuongeza ubaya wake. Tairi ikizunguka bure inapata joto, theluji inayeyuka, halafu maji yanaganda kuwa barafu. Sasa unasimama juu ya kioo. Dereva akizidi kukanyaga mafuta anazidi kujifunga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuacha mafuta. Ya pili ni beleshi: ondoa theluji mbele na nyuma ya magurudumu, na ile iliyobeba tumbo la gari. Ya tatu, punguza upepo wa tairi kidogo ili zilale pana na zishike chini. Ya nne, weka kitu kikavu chini ya tairi: mchanga, majivu, matawi, hata mazulia ya gari. Kisha gia ndogo, polepole. Likitoka, jaza upepo tena kabla ya kwenda mbio.

Ikibidi kuvuta kwa gari jingine, kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikana na chasisi, siyo kwenye bampa. Watu wote wakae mbali, na mtu asiruke kamba iliyokaza, maana ikikatika inapiga kama fimbo ya chuma. Na kwenye mteremko, jamani, mtu asisimame upande wa chini wa gari. Hapa kwetu tumezoea kusukuma wote kwa kelele na vicheko. Mlimani gari likiteleza linashuka na waliolisukuma.

Lakini kubwa kuliko gari ni watu. Septemba 2024 theluji nyingi ilifunga barabara kuu ya Johannesburg kwenda Durban, pale Van Reenen, na watu wengi walilala ndani ya magari. Ukikwama hivyo, usiondoke kwa miguu kwenye dhoruba. Gari linaonekana kirahisi kuliko mtu. Vaeni nguo zote, kaeni pamoja. Mkitaka kuwasha injini mpate joto, kwanza fukua bomba la moshi, fungua dirisha kidogo, washa kwa muda mfupi, kisha zima. Bomba likizibwa na theluji, moshi unarudi ndani. Humo mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki.

Wazazi, hapo ndipo somo la Lesotho linaingia nyumbani mwetu. Gesi hiyohiyo inatoka kwenye jiko la mkaa. Usiku wa baridi msilale na jiko ndani, mlango na dirisha vimefungwa, hata kama mkaa unaonekana umekufa. Litoeni nje kabla watoto hawajalala. Mtoto akiamka na kichwa kinamuuma na anatapika, mtoeni kwenye hewa safi na mkimbilie zahanati upesi.

Watoto, chukueni ramani ya Afrika mtafute Lesotho. Atakayeipata awaonyeshe wazazi. Tunawatakia mwezi mwema.